Mradi wa Nani? Mkaguzi wa Programu katika Riwaya ya Douglas Coupland

Wazee wetu wa pwani wana methali isemayo: "Mtumikie kafiri upate mradi wako." Wengi huitaja kwa mzaha, wakiona ndani yake ujanja wa mtumishi. Mimi nimekuwa nikiiona kuwa ni maelezo ya namna mtu anavyoweza kumfanyia mwengine kazi bila ya yeye mwenyewe kupotea. Mtumishi wa methali hii humpa bwana mikono yake na saa zake. Moyo na kusudio hubaki navyo. Na neno lenyewe, mradi, lina kisa chake. Katika methali ni lengo la mtu, lile alilolifumbata kifuani. Katika ofisi za leo mradi ni kazi yenye bajeti, meneja na tarehe ya mwisho. Kila mfanyakazi yumo katika mradi, ilhali mradi si wake.

Badiliko hilo la maana ya neno moja ndilo lililonifungulia mlango wa riwaya ya Microserfs, iliyotungwa na Mkanada Douglas Coupland na kuchapishwa mwaka 1995. Kitabu nililetewa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeandika programu za kompyuta Dar es Salaam. Alikinunua kwa wauza vitabu vikuukuu, akaja nacho Unguja kwenye sikukuu. Tulipokaa barazani baada ya Alasiri aliniambia hivi: "Mjomba, nimeshahama kampuni mbili. Ya kwanza tulikuwa watu wa Windows, tukiwacheka wa Linux. Hii ya sasa ni watu wa Linux, tunawacheka wa Windows. Nimebadilisha watu wa kuwacheka, lakini Jumatatu ni ileile." Kisha akaniwekea kitabu mapajani: "Kisome, unambie kama niache kazi au nisiache."

Nikiri mapema kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Kiingereza changu nilikipata kwa kamusi na vitabu vya kuazima, na miaka yangu ya ajira niliimaliza nikipiga chapa barua za watu wengine. Kwa hiyo nilikisoma kitabu hiki kama ninavyosoma kila kitabu, kwa penseli mkononi, nikijiuliza kila ukurasa: hili tutalisemaje kwa Kiswahili?

Riwaya imeandikwa kwa muundo wa shajara. Mwenye shajara ni Daniel Underwood, kijana wa miaka ishirini na sita anayefanya kazi Microsoft, huko Redmond, katika jimbo la Washington. Yeye si mwandishi wa programu khasa. Ni mkaguzi: kazi yake ni kutafuta hitilafu katika programu zilizoandikwa na wenziwe. Anaishi nyumba moja na wafanyakazi wenzake, wote vijana, wote wakilala saa chache na kuamkia kazini. Wanatazama bei ya hisa za kampuni kama mvuvi anavyotazama upepo, kwani sehemu ya malipo yao ni hisa ambazo mtu huzimiliki baada ya kutumikia miaka. Hawana njaa wala hawana kiu. Hawana pia jambo lolote, nje ya kampuni, wanaloweza kulitaja kuwa ndilo maisha yao.

Mapema kabisa kitabuni kuna tukio ambalo msomaji hatolisahau. Michael, aliye hodari kuliko wote, anapokea barua pepe ya Bill Gates ikiibeza vikali kazi yake. Anajifungia ofisini asitake kutoka. Wenziwe, kwa khofu ya kuwa atakufa na njaa, wananunua vyakula vilivyo bapa, kama vipande vya jibini, na kumpitishia chini ya mlango. Naye akaweka nadhiri ya kutokula tena isipokuwa chakula bapa. Msomaji anacheka, kisha kicheko kinamkauka. Mtu huyu hakupunguziwa mshahara wala hakufukuzwa. Ameambiwa tu na bwana kwamba kazi yake si nzuri, na dunia yake imesimama. Mtumishi wa methali yetu angelisikia maneno hayo, angeliinamisha kichwa, kisha angelikwenda zake nyumbani kula wali wake. Michael hana kwa kwenda, kwa kuwa moyo aliukabidhi siku aliyoajiriwa.

Hapa ndipo ushindani wa mifumo ya kompyuta unapoingia, na ndipo Coupland alipoona mbali. Riwaya inaanzia majira ya kupukutika majani ya mwaka 1993. Wakati huo Apple na Microsoft walikuwa wamekwisha kupelekana mahakamani tangu mwaka 1988, Apple ikidai kwamba Windows imeiga sura ya kompyuta zake za Macintosh. Microsoft ilikuwa inapanda, Apple inashuka. Katika hali kama hiyo mtu angelitarajia mfanyakazi wa Redmond awe mtiifu mpaka katika vyombo anavyovitumia. Lakini Daniel, mkaguzi wa Microsoft, anaiandika shajara yake kwenye PowerBook, kompyuta ya mkononi ya Apple. Mchana anapalilia shamba la bwana mmoja. Usiku anaandika siri zake kwenye chombo cha hasimu wake. Coupland halisemi jambo hili kwa kishindo. Analiacha pale, nasi tunalipita mara ya kwanza bila kulitambua.

Mimi naliona kuwa ndicho kiini cha kitabu. Ushindani huu wanaoupigania vijana hao si wao waliouanzisha wala si wao watakaoumaliza. Tazama yaliyotokea baada ya kitabu kutoka. Mwezi wa Agosti 1997, huko Boston, Steve Jobs alisimama mbele ya wapenzi wa Apple na kuwatangazia kwamba Microsoft itaweka dola milioni 150 katika kampuni yao. Uso wa Bill Gates ukatokea kwenye skrini kubwa, na baadhi ya waliohudhuria wakazomea. Mabwana walikuwa wameshapatana. Waliozomea walibaki na majambia yao mikononi hawajui wayaweke wapi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Linux. Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft wa wakati huo, aliifananisha Linux na saratani. Mwaka 2016 Microsoft hiyohiyo ikaiwezesha Linux kuendeshwa ndani ya Windows, na mwaka 2018 ikainunua GitHub, ghala kubwa la kazi za waandishi wa programu huria, kwa dola bilioni 7.5. Mpwa wangu na wenziwe wanachekana kwa ugomvi ambao wenyewe walishausahau.

Ugomvi huo hata Kiswahili ulikifikia. Mwaka 2004 kikundi kilichofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisini kwa Kiswahili, na katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ikavalisha Windows na Office maneno ya Kiswahili. Nakumbuka tulivyobishana barazani ni istilahi za upande gani zilizo bora, kana kwamba lugha ilikuwa yao na sisi ndio wageni. Kwa hiyo siwacheki vijana wa Coupland. Nami niliwahi kushika bendera isiyo yangu.

Pengine msomaji atauliza: je, ushindani wenyewe ndio maradhi? Sidhani, na ushairi wetu ni shahidi. Muyaka bin Haji, aliyefariki karibu na mwaka 1840, alitunga mashairi ya kuitetea Mombasa ya Mazrui dhidi ya Lamu na dhidi ya Unguja, na malenga wa upande wa pili nao wakamjibu. Ushindani ule uliinoa lugha, na mpaka leo tunakula matunda yake. Lakini Muyaka alikuwa akiutetea mji aliozaliwa. Mji ulipoangukia mikononi mwa Sayyid Said mwaka 1837, msiba ulikuwa wake na wa jirani zake. Michael na Daniel wanautetea mji ambao siku yoyote wanaweza kuambiwa warudishe kadi ya mlangoni. Wahenga wamesema kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na fakhari ya kuazima, naongeza, haimpi mtu usingizi.

Sasa nije kwenye taabu yangu ya ufasiri, kwani ndani yake nimeona jambo ambalo pengine msomaji wa Kiingereza hulipita. Jina la kitabu ni mchezo wa maneno: nusu ya jina la kampuni imeunganishwa na neno linalowataja wakulima wa Ulaya ya kale, waliofungwa kwenye ardhi ya bwana. Tuwaiteje watu hao? "Watwana" ni neno la kwanza linalokuja mdomoni, lakini mtwana ni mtumwa wa kununuliwa, na katika visiwa hivi neno hilo bado linauma. Kijana mwenye hisa za Microsoft hastahiki kubebeshwa uchungu huo, wala uchungu huo haustahiki kufanywa mzaha. "Vibarua" ni neno jepesi zaidi, na asili yake inapendeza: ni barua ndogo, ile karatasi aliyokuwa akipewa mfanyakazi wa kutwa, kama vile wa Redmond anavyotembea na kadi kifuani. Hata hivyo kibarua jua likitua yu huru. Watu wa Coupland jua halitui.

Nililipata neno katika historia yetu wenyewe. Baada ya utumwa kupigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, wengi walioachwa huru walibaki kwenye mashamba ya mikarafuu. Waliruhusiwa kujenga vibanda na kulima mihogo yao chini ya miti, kwa sharti la kuipalilia mikarafuu ya mwenye shamba. Huyo si mtumwa wala si kibarua. Ni mpaliliaji. Na kazi ya Daniel ni ipi? Kung'oa magugu katika programu ya bwana! Kwa hiyo katika rasimu yangu kitabu kinaitwa Wapaliliaji. Mchezo wa jina la kampuni umepotea, nami nakubali hasara hiyo. Kilichopatikana ni swali ambalo jina la Kiingereza haliliulizi. Mpaliliaji wa Unguja alikuwa na mihogo yake. Mikarafuu ni ya bwana, lakini mihogo ni yake na watoto wake. Mihogo ya Daniel iko wapi?

Jibu, nadhani, ni ile shajara. Pamoja nayo kuna jambo jengine dogo: nywila anayofungulia kompyuta yake ina jina la Jed, nduguye aliyekufa maji utotoni. Kampuni inaijua kila saa yake, lakini haijui kwamba kila asubuhi mtumishi wake huingia kazini kwa kumtaja marehemu. Kurasa hizo ndizo bora kuliko zote.

Kutoka hapo, kwa bahati mbaya, mtunzi anatafuta dawa mahali pepesi. Michael anaondoka Microsoft, anawaita wenziwe California, nao wanaanzisha kampuni yao Palo Alto, katika nyumba ya wazazi wa Daniel. Wanatengeneza programu iitwayo Oop!, ya kujengea vitu kwenye skrini kama watoto wanavyojenga kwa vipande vya Lego, na mwishowe wanaipeleka kwenye maonyesho ya biashara Las Vegas. Wote wanapata mapenzi, wote wanapata afya. Nilisoma sehemu hii nikiwa na furaha kwa ajili yao na shaka kwa ajili ya riwaya. Je, aliyekimbia shamba kubwa akaanzisha shamba dogo amelitatua tatizo la kupalilia? Bado hawalali. Bado kuna mwenye fedha wa kuridhishwa. Tofauti ni kwamba sasa bwana ni rafiki yao. Mtunzi aliyeuliza swali zito anatupa jibu la tangazo la biashara, na zipo kurasa nyingi katikati ambamo wahusika wanazungumza kwa werevu tu, bila ya jambo kusonga.

Kuna kitabu kingine, kilichotangulia, ambacho kina ujasiri zaidi katika hili. Ni The Soul of a New Machine cha Tracy Kidder, kilichotoka mwaka 1981 na kupata tuzo ya Pulitzer mwaka uliofuata. Si riwaya, ni habari ya kweli ya wahandisi wa kampuni ya Data General huko Massachusetts, waliojichosha mpaka mifupani ili watengeneze mashine ya kuikabili VAX ya kampuni ya DEC. Mmoja wao, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu vipande vya wakati vidogo mno, anaondoka ghafla na kuacha barua ya kuaga: anakwenda kuishi na watu wa mashamba huko Vermont, ambako wakati utapimwa kwa misimu. Sisi tunaohesabu kwa kusi na kaskazi, masika na vuli, tunaelewa alichokitafuta. Kidder hatwambii kama alikipata. Mashine ilikamilika, ikauzwa, na waliotengeneza wakatawanyika. Na leo hakuna DEC wala Data General: ya kwanza ilinunuliwa mwaka 1998, ya pili mwaka 1999. Ushindani uliomla yule kijana hauna tena hata pande zake mbili.

Upungufu wa pili wa Coupland ni wale asiowaona. Miaka hiyohiyo anayoisimulia, Microsoft ilikuwa na watu wengi walioitwa wa muda, ingawa walikaa miaka kwenye dawati moja. Walivaa beji za rangi ya chungwa ili watofautishwe na waajiriwa kamili wenye beji za buluu, na hawakupata fursa ya hisa zile. Walifungua kesi mwaka 1992, na mwaka 2000 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 97 kuimaliza. Hao walipalilia bila ya kupewa hata kijisehemu cha mihogo. Katika shajara ya Daniel sikuwapata.

Hata hivyo nisimdhulumu mtunzi. Anapoacha kutoa dawa na kurudi kutazama, ni mtunzi wa kweli. Babake Daniel ameachishwa kazi na IBM baada ya kuitumikia umri wake wote, naye anazunguka nyumbani asijue mikono yake aiweke wapi. Hapo ndipo kijana anapouona uzee wake mwenyewe. Na mwishoni kabisa mama anapatwa na kiharusi, ulimi unafungwa, na watoto wanamweka mbele ya kompyuta ili vidole vyake viseme alichoshindwa kusema. Maneno yanatoka yamekatika, herufi zimerukwa. Nilipofika hapo nilitambua kwamba nilikuwa nimeacha kuuliza mashine ni ya kampuni gani. Baada ya kurasa mia kadhaa za bendera, kompyuta imerudi kuwa chombo, kama kalamu au kama dau.

Kuhusu fani, mfasiri ana kazi. Sentensi za Coupland ni fupi, za mkato, zimejaa majina ya bidhaa za Marekani ambayo yameshaanza kuchakaa. Kuna kurasa zilizojazwa maneno yaliyotapakaa, na nyingine za sifuri na moja tupu. Hizo nitaziacha zilivyo. Sifuri haihitaji mfasiri. Majina ya bidhaa nitayapunguzia pale yasipobeba maana.

Sasa mpwa wangu. Sikumwambia aache kazi, kwani mshahara wake ndio unaolipa ada za wadogo zake, wala sikumwambia abaki. Nilimsomea rasimu ya kurasa kumi za mwanzo, kisha nikamwuliza ana nini kilicho chake. Akanambia kwamba miaka miwili nyuma alianza kuandika kijiprogramu cha kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa, kwa ajili ya ami zake wanaovua Nungwi. Hakukimaliza. Nikamwambia, kwa majivuno ya mtu aliyeshinda hoja, kwamba basi hiyo ndiyo mihogo yake.

Akanitazama kidogo, simu yake ikalia, ujumbe wa kazini, na siku ile ilikuwa mosi ya Idi. Alipomaliza kuujibu akasema: "Sawa, Mjomba. Lakini hiyo mihogo ipaliliwe saa ngapi?"

Sikuwa na jibu, na sidhani kama Coupland analo. Mwenye shamba wa zamani usiku alikuwa akilala, na mpaliliaji naye akapata nafasi ya kuitazama mihogo yake. Wa sasa halali. Lakini swali lile limenirudisha kwenye kitabu, na nimeazimia kuikamilisha tafsiri ya sehemu ya kwanza, ambayo peke yake inatosha kukifanya kitabu hiki kistahiki kusomwa na watu wetu. Rasimu iko mezani kwa jina la Wapaliliaji. Msomaji mwenye neno bora zaidi na aniletee kabla sijafika mwisho.